Kuchagua Draiva ya Taa za LED za Betri: Mwongozo kwa Mafundi wa Kigoma

Mwezi ukishapungua na giza kurudi juu ya Ziwa Tanganyika, mstari wa taa huonekana majini kuanzia Kibirizi hadi upande wa Katonga, na nyuma ya kila taa kuna betri inayotakiwa idumu mpaka wavuvi wageuze mitumbwi kurudi mwaloni. Karabai za mafuta ya taa, zilizotumika kwa miaka mingi kuvuta dagaa, zimekuwa zikiziachia nafasi taa za LED, na kazi ya kuziunda na kuzifufua taa hizo imetuangukia sisi mafundi wa mjini. Mteja anapokuja huuliza kwanza taa ni ya wati ngapi. Swali hilo ni halali, lakini linatanguliwa na swali la draiva, yaani saketi inayokaa kati ya betri na chipu (kipande cha LED kinachotoa mwanga), kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha nishati ya betri kitafika majini kikiwa mwanga na ni kiasi gani kitabaki ndani ya boksi kikiwa joto.

Niuweke msimamo wangu wazi mapema. Hakuna draiva iliyo bora kwa kila taa, na asilimia kubwa ya ufanisi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda haina maana yoyote ikiwa chipu zimepangwa kwa volteji isiyooana na betri. Fundi apange chipu kwanza, kisha achague draiva inayofuata mpangilio huo, na mwisho aipime taa yake kwa volteji ya saa kumi za usiku, wakati betri imechoka, badala ya kuridhika na mwanga wa saa moja jioni.

Chipu na betri zinavyokutana

Chipu moja ya LED nyeupe hufanya kazi kwa volteji ya kati ya volti 2.8 na 3.4, na katika hesabu za mwongozo huu nitatumia volti 3.2. Chini ya masafa hayo haiwaki ipasavyo, na juu yake ongezeko dogo la volteji huleta ongezeko kubwa mno la mkondo. Tena chipu inapopata moto, volteji inayohitaji hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila digrii moja ya joto, kwa hiyo ukiifunga moja kwa moja kwenye chanzo chenye volteji isiyobadilika, joto litaongeza mkondo, mkondo utaongeza joto, na mwisho wake chipu itaungua. Ndiyo maana mafundi husema kwamba LED hulishwa mkondo, hailishwi volteji. Draiva yoyote, iwe rahisi au ghali, inapimwa kwanza kwa uwezo wake wa kushikilia mkondo.

Betri nayo haina volteji moja. Betri ya asidi ya volti 12 huwa na volti 12.7 hivi ikiwa imejaa na imepumzika, hupanda hadi volti 14.4 inapochajiwa, na hushuka kuelekea volti 11 inapokaribia kuisha huku ikiwa na mzigo. Betri ya lithiamu ya chuma fosfeti yenye seli nne hufika volti 14.6 mwishoni mwa chaji, hukaa karibu na volti 13 kwa sehemu kubwa ya usiku, kisha huporomoka haraka kuelekea volti 10. Kwa hiyo tunapolinganisha draiva tunalinganisha jinsi kila moja inavyoishi ndani ya masafa hayo ya volti 11 hadi 14.4.

Sasa tazama mpangilio. Chipu tatu zikifungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, zinahitaji volti 9.6, ambazo wakati wote ziko chini ya volteji ya betri, na draiva ina kazi nyepesi ya kushusha kidogo. Chipu nne kwa mfululizo zinahitaji volti 12.8, ambazo jioni ziko chini ya volteji ya betri inayotoka kwenye chaji na usiku wa manane ziko juu yake. Huu ndio mpangilio mbaya kuliko yote kwa betri ya volti 12, na nasikitika kila ninapoukuta kwenye taa mpya. Chipu kumi kwa mfululizo, kama zilivyo ndani ya chipu kubwa za mraba za wati 20 na kuendelea, zinahitaji volti 32 hivi, na hapo hakuna njia isipokuwa kupandisha. Chipu za mraba za wati 10, kwa upande wake, mara nyingi zina safu tatu zilizo sambamba, kila safu ikiwa na chipu tatu kwa mfululizo, na zinatosheka na volti 9 hadi 11. Kwa macho zinafanana sana na nyingine, kwa hiyo usikubali kununua kwa kutazama; iwashe kwa chanzo chenye ukomo wa mkondo na uisome volteji yake.

Rizista

Hii ndiyo draiva rahisi kuliko zote, na kwa taa ndogo ya kuonyesha kwamba chaji inaingia inatosha kabisa. Tuchukue chipu tatu kwa mfululizo na mkondo wa milliampea 350. Betri ikiwa na volti 12.6, rizista inabaki na volti 3, na tukigawanya kwa 0.35 tunapata omu 8.6, rizista ya kawaida iliyo karibu ni ya omu 8.2. Ufanisi wake ni volteji ya chipu ikigawanywa kwa volteji ya betri, yaani 9.6 kwa 12.6, sawa na asilimia 76. Asilimia hiyo haionekani kuwa mbaya, lakini ngoja betri ibadilike. Betri ikiwa kwenye chaji ya volti 14.4, mkondo unapanda hadi karibu milliampea 585 na chipu inateseka. Betri ikishuka hadi volti 11, mkondo unaanguka hadi milliampea 170 hivi, na mwanga unapungua kufikia nusu ya ule wa mwanzo au chini ya hapo. Mvuvi anasema taa imefifia wakati dagaa ndio wanaanza kupanda, na anadhani betri imekufa, ilhali betri bado ina akiba ambayo rizista haiwezi kuitoa kikamilifu.

Hesabu ya betri nzima inaonyesha tofauti hiyo kwa saa. Betri ya asidi ya ampea-saa 50 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo tuna ampea-saa 25 mara volti 12, sawa na wati-saa 300. Taa inayopeleka wati 24 kwenye chipu kupitia rizista yenye ufanisi wa wastani wa asilimia 76 itavuta wati 31.6 kutoka kwenye betri na kumaliza akiba hiyo kwa saa tisa na nusu. Taa hiyo hiyo ikiwa na draiva ya asilimia 92 itavuta wati 26.1 na kudumu saa kumi na moja na nusu. Saa mbili hizo ndizo zinazotofautisha mtumbwi unaorudi alfajiri na ule unaorudi mapema.

Saketi za mkondo thabiti zisizo na swichi

Mafundi wengi hukimbilia LM317, kijipande cha kudhibiti volteji, kwa kuwa inapatikana kwa urahisi. Ikifungwa kwa rizista moja ya omu 3.6 kati ya mguu wa kutokea na mguu wa kurekebishia, inashikilia volti 1.25 juu ya rizista hiyo na kutoa karibu milliampea 347, mradi volteji ya betri inatosha. Kwa upande wa kulinda chipu ni saketi ya kuaminika. Kwa upande wa ufanisi haina cha zaidi ya rizista, kwa sababu mkondo unaoingia ndio ule ule unaotoka, na kila volti inayozidi hugeuzwa joto. Kibaya zaidi, yenyewe hujitwalia karibu volti 2, ukijumlisha volti 1.25 za rizista unapata zaidi ya volti 3, na chipu tatu zinataka 9.6. Jumla inafikia volti 12.6 na ushee, kiwango ambacho betri ya asidi yenye mzigo huvuka kwenda chini mapema sana usiku. Kuanzia hapo LM317 haishikilii tena chochote. Siipendekezi kwa taa za ziwani.

Ipo hata hivyo hali moja ambapo saketi ya aina hii inashinda zote: taa ndogo ya mkononi yenye seli moja ya lithiamu na chipu moja au chipu kadhaa zilizo sambamba. Kijipande kinachoitwa AMC7135 hutoa milliampea 350 na kwa kazi hiyo kinadai takriban volti 0.12 tu, hakina koili, hakipigi kelele kwenye redio, na bei yake ni ndogo. Seli ikiwa na volti 3.7 na chipu volti 3.2, ufanisi ni asilimia 86, nao unazidi kupanda kadiri seli inavyoshuka. Kumbuka tu kwamba hakivumilii zaidi ya volti 6, kwa hiyo kisikaribie betri ya volti 12.

Saketi ya kushusha kwa swichi

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa taa za Kigoma, kwa hiyo nitakaa kidogo. Saketi ya kushusha huwasha na kuzima umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde kupitia koili. Swichi ikiwa imefunga njia, yaani inapitisha umeme, koili hujaza nishati; swichi ikifungua, yaani ikikata umeme, koili huirudisha nishati hiyo kwa chipu kupitia daiodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kwa kuwa volti zinazozidi hazichomwi, mkondo unaotoka kwenye betri huwa mdogo kuliko unaofika kwenye chipu, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitambua draiva ya kweli: ampea zikilingana pande zote mbili ilhali volteji ni tofauti, umeuziwa rizista iliyovaa koti.

Kijipande ninachokipendekeza ni PT4115. Hupokea volti 6 hadi 30, huhimili mkondo wa hadi ampea 1.2, na hurekebishwa kwa rizista moja tu, kwa kuwa hushikilia volti 0.1 juu yake. Rizista ya omu 0.27 hutoa milliampea 370, na ya omu 0.12 hutoa milliampea 830 hivi. Kinachobaki ni koili ya mikrohenri 47 hadi 100 inayohimili mkondo huo bila kushiba (kufika kikomo cha nishati inayoweza kubeba), daiodi ya Schottky, ambayo hupoteza volti kidogo kuliko ya kawaida, na kapasita kwenye upande wa betri. Uzuri wake mkubwa kwa betri ni kwamba volteji ya betri inapokaribia ile ya chipu, swichi yake hubaki imefunga njia moja kwa moja, na taa huendelea kuwaka kwa kufifia polepole badala ya kupepesa.

Saketi hiyo hiyo lakini hubadilika tabia ukibadilisha mpangilio wa chipu, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Ukiilisha chipu moja ya volti 3.2 kutoka kwenye betri ya volti 12, swichi hufunga njia kwa takriban asilimia 27 ya muda, na asilimia 73 inayobaki mkondo hupita kwenye daiodi inayokula volti 0.4. Wastani wa hasara hiyo ni volti 0.29, ambayo ni asilimia 9 ya volteji ya chipu. Ukifunga chipu tatu kwa mfululizo, daiodi hushika zamu kwa karibu moja ya tano tu ya muda, na hasara yake hushuka hadi asilimia 1 hivi ya volti 9.6. Umebadilisha nyaya mbili tu, na taa imepata ufanisi ambao hakuna draiva ya bei kubwa ingekuletea.

Moduli za LM2596, yaani bodi ndogo za kushusha zilizokwisha kuundwa, zenye skrubu za kurekebishia volteji na mkondo zimejaa sokoni na nimezitumia sana, ila swichi yake ya ndani ni ya transista ya aina ya zamani inayokula takriban volti moja au zaidi, na kwa kazi ya kushusha kutoka volti 12 hadi 9.6 hasara hiyo ni kubwa. Moduli za XL4015 zinafaa zaidi kwa mikondo ya ampea 2 na kuendelea. Kwa taa ya mtumbwi ninayoijenga mara nyingi, hata hivyo, huchukua chipu tatu za wati 10, kila moja na PT4115 yake na rizista ya omu 0.12, na kila moja hupata wati 8 hivi. Nazinyima kwa makusudi. Chipu ya LED hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati inapoendeshwa chini ya uwezo wake, na joto lake likiwa dogo hudumu muda mrefu. Pia draiva moja ikifa, taa mbili zinabaki zikiwaka, na mvuvi aliye mbali na nchi kavu anazihitaji.

Saketi ya kupandisha

Anayelazimika kutumia chipu kubwa ya volti 32 atahitaji saketi ya kupandisha. Kwa wati 30 kwenye chipu, mkondo wa huko ni chini kidogo ya ampea 1, lakini kwenye betri ya volti 12, kwa ufanisi wa asilimia 88, ni ampea 2.8. Mkondo huo mkubwa hupita kwenye swichi, koili, waya na fyuzi, na hasara ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Kwa sababu hiyo saketi ya kupandisha kutoka volti 12 hadi 32 hukaa chini ya saketi ya kushusha kutoka 12 hadi 9.6, hata kama karatasi zake zinataja asilimia zinazokaribiana. Ukiwa na betri mbili, zifunge kwa mfululizo upate volti 24. Pengo la kupandisha linapungua, mkondo unakuwa nusu, na moduli inapoa.

Saketi ya kupandisha ina tahadhari tatu ambazo zimegharimu chipu nyingi. Ya kwanza, moduli ya XL6009 yenye skrubu moja hurekebisha volteji pekee. Haishiki mkondo, kwa hiyo haifai kulisha LED bila nyongeza. Tafuta yenye skrubu ya mkondo pia. Ya pili, usiijaribu kwa kugusanisha nyaya za kutokea kupitia ampea mita, kama tunavyozoea kufanya kwa moduli za kushusha zenye kikomo cha mkondo, kwa kuwa katika kupandisha betri ina njia ya moja kwa moja kupitia koili na daiodi, na hakuna kitu cha kuikata. Kwa sababu hiyo hiyo, chipu ya volti 9 haiwezi kudhibitiwa na saketi ya kupandisha iliyo kwenye betri ya volti 12. Ya tatu, funga chipu kabla ya kuwasha. Moduli iliyowashwa bila mzigo hujaza kapasita yake hadi volteji ya juu kabisa, na ukiigusisha chipu wakati huo, nishati yote humwagika mara moja.

Kurekebisha kwenyewe ni rahisi: bila chipu, weka volteji juu kidogo ya ile ya chipu, tuseme volti 35 kwa chipu ya volti 32; zima, subiri kapasita iishe; rudisha skrubu ya mkondo hadi mwisho wa chini; funga chipu ikiwa juu ya bamba lake la alumini pamoja na ampea mita; washa; kisha ongeza mkondo polepole hadi unapotaka.

Kwa ile hali ya chipu nne ambayo volteji yake inavuka ya betri, zipo saketi zinazopandisha na kushusha kwa pamoja, kama ile ya koili mbili inayoitwa sepiki. Zinafanya kazi, lakini nishati hupita hatua nyingi zaidi na ufanisi hupungua. Kama taa bado iko mezani kwako, ondoa chipu moja kwenye kila safu, tumia saketi ya kushusha, na yaishe.

Kupima kwa haki

Usilinganishe draiva kwa maandishi ya kwenye boksi. Tafuta multimeta mbili, au moja yenye masafa ya ampea 10 kama huna ya pili, na usome namba nne: volteji na mkondo wa upande wa betri, volteji na mkondo wa upande wa chipu. Volteji isomwe kwenye miguu ya draiva yenyewe, isisomwe kwenye vichwa vya betri, la sivyo hasara ya waya itahesabiwa kama ya draiva. Iache taa iwake kwa dakika 20 kwanza, kwa sababu chipu ikipata moto volteji yake hushuka na hesabu hubadilika. Tuchukulie umesoma volti 12.5 na ampea 0.29 upande wa betri, sawa na wati 3.63, na volti 9.5 na ampea 0.35 upande wa chipu, sawa na wati 3.33. Ufanisi ni asilimia 92 hivi.

Rudia kipimo hicho kwa volteji tatu: karibu 14, karibu 12.5, na karibu 11. Draiva inayostahili ni ile ambayo mkondo wa chipu haubadiliki sana katika vipimo vyote vitatu na ambayo haipotezi ufanisi mwingi kwenye kile cha mwisho. Baada ya hapo fanya jaribio la mwanga: ziweke taa mbili kwenye chumba chenye giza kwa umbali ule ule kutoka karatasi nyeupe, na tumia programu ya kupima mwanga kwenye simu yako. Simu haitakupa thamani sahihi kabisa, lakini inatosha kusema ipi inatoa zaidi kwa wati zile zile.

Washa pia redio ya masafa ya kati karibu na taa. Draiva ya swichi isiyo na kapasita nzuri upande wa betri huifunika stesheni kwa mvumo, na wavuvi husikiliza redio usiku kucha. Kapasita ya seramiki karibu kabisa na kijipande, na nyaya fupi kati ya draiva na chipu, hupunguza sana mvumo huo.

Kinga ya betri

Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mzee mmoja wa Ujiji taa ya draiva ya kushusha badala ya ile ya rizista, nikaamini nimemaliza kazi. Baada ya wiki chache alirudi akiwa amebeba betri. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kwenye benchi na kusema, "Fundi, taa yako haichoki, inakufa tu." Alikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu. Taa ya rizista hufifia kadiri betri inavyoshuka, na kufifia huko kulikuwa kunamwonya azime. Draiva ya swichi hushikilia mwanga ule ule, na ili ifanye hivyo huvuta ampea zaidi kadiri volti zinavyopungua, hadi betri inakamuliwa kupita kiasi bila dalili yoyote. Betri ya asidi ikikamuliwa hivyo mara kwa mara hupoteza uwezo wake kwa kasi.

Tangu siku hiyo sitoi taa ya draiva ya swichi bila kikata umeme cha volteji ya chini. Kwa betri ya asidi nakiweka kikate kwenye volti 11.5 hivi taa ikiwa inawaka, na kisirudishe umeme mpaka betri ivuke volti 12.5, maana betri hupanda yenyewe ikiondolewa mzigo, na pengo likiwa dogo taa itawaka na kuzima bila kukoma. Mguu wa kupunguzia mwanga wa PT4115 unaweza kutumiwa kushusha mwanga kwanza kabla ya kukata, ili mvuvi apate onyo lile alilolizoea.

Waya nao uhesabiwe. Taa ya wati 26 kwenye volti 12 huvuta ampea 2.2 hivi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 ukiwa na urefu wa mita 5, yaani mita 10 kwenda na kurudi, una omu 0.23 na unakula wati 1.1, sawa na asilimia 4. Waya wa milimita za mraba 1.5 unakula nusu ya hapo. Daiodi ya kawaida ya kuzuia betri iliyogeuzwa vichwa gizani hupoteza volti 0.7, ya Schottky volti 0.4 hivi, na transista ya mosfeti ya aina ya P hupoteza kidogo mno. Ukiipata kwenye bodi ya kompyuta iliyokufa, itumie. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa, kwa sababu inachokinga kwanza ni waya.

Mwisho ni maji. Draiva ifungwe juu ya bamba la alumini lile lile la chipu lakini mbali na kitovu cha joto, kapasita zake zikiwa za digrii 105, na viungo vyote vilehemiwe. Viungo vya kusokotwa kwa mkono huota kutu na kuongeza omu ambazo hukuzihesabu. Funika kwa silikoni isiyonuka siki, kwa kuwa ile inayonuka siki hula shaba inapokauka. Kisha iwashe taa hapo karakanani usiku kucha kwa betri ya mteja mwenyewe, uandike saa iliyokata, na umkabidhi namba hiyo pamoja na taa.